Naomba ushauri: nahamishia fremuweki ya wavuti Python 3.13, nimekwama kwenye cgi

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa waliowahi kupita njia hii.

Kuna fremuweki ndogo ya WSGI (kanuni ya kuunganisha seva ya wavuti na programu ya Python), ya chanzo huria, inayofanya kazi vizuri kwenye Python 3.9. Naihamishia 3.13.

Mepesi yamekwisha. `collections.MutableMapping`, iliyoondolewa 3.10, sasa inatoka `collections.abc`. `imp`, iliyoondolewa 3.12, nimeweka `importlib`. Mzizi wa fitina ni `cgi` (moduli ya Python ya kusoma data za fomu za wavuti), iliyofutwa 3.13 kwa PEP 594 (pendekezo rasmi la kuondoa moduli za zamani), na fremuweki inasoma fomu zote kwa `cgi.FieldStorage`.

Fomu za kawaida nimezipeleka `urllib.parse.parse_qs`, zinapita (bila `keep_blank_values=True` visanduku vitupu vinapotea kimyakimya, nimeshaweka). Shida ni kupakia mafaili. `email.message` inayopendekezwa na PEP yenyewe inataka mwili mzima wa ombi, kwa hiyo faili la MB 300 linakaa lote kwenye RAM. `FieldStorage` ililihamishia kwenye faili la muda likishazidi baiti 1000. Kifurushi cha `legacy-cgi` kimerudisha kila kitu bila kugusa kodi, ila kwangu hicho ni kiraka tu.

Maswali yangu mawili:

Nibaki na `legacy-cgi` kwa toleo hili, au nihamie moja kwa moja kwenye maktaba ya `multipart` (ya kusoma fomu zenye mafaili)?

Pili, programu za watumiaji zinategemea `.filename` na `.file` za `FieldStorage` (jina la faili lililopakiwa na faili lenyewe). Nitengeneze klasi yenye sifa hizohizo, au nivunje API (namna programu hizo zinavyoita fremuweki) na kupandisha namba kuu ya toleo?

Natanguliza shukrani.