Kodeki ifaayo kwa simu za intaneti baina ya Lamu na Faza

Mwenyeji wa Langoni:
Assalamu alaikum, ndugu zangu. Ofisi yetu ya boti za abiria iko Lamu mjini, na wenzetu wa Faza hutupigia kwa simu ya intaneti kupitia seva yetu wenyewe, ambayo hadi sasa inatumia G.711, kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya zamani. Mtandao unapolemewa maneno hukatikakatika. Juzi abiria aliambiwa saa sita, akasikia saa tisa, na alipofika gatini boti ilikwisha ondoka zamani. Nikihamia kodeki ya Opus nitadaiwa ada ya hataza? Na je, itasaidia kweli?

Fundi wa Mkomani:
Waalaikumu salaam. Hudaiwi kitu. Opus ni kiwango cha wazi kilichotolewa na IETF, jumuiya inayoweka viwango vya intaneti, mwaka 2012 katika hati ya RFC 6716, kwa kuunganisha kodeki mbili, SILK ya Skype na CELT ya Xiph.Org. Hiyo G.711 ni ya mwaka 1972: hula kilobiti 64 kwa sekunde mtandao uwe mzuri au mbaya, na kwa kuwa huchukua sampuli 8,000 tu kwa sekunde, sauti za juu ya hezi 4,000 hazipiti, na huko ndiko uliko mlio mwingi wa "s".

Msafiri wa Shela:
Fundi amesema kweli, ila nadhani kilichomkosesha abiria boti ni pakiti (vipande vya sauti vinavyotumwa mtandaoni) zilizopotea, wala si hezi. Washa kinga ya upotevu iliyomo ndani ya Opus, ambayo hubeba nakala hafifu ya kipande kilichotangulia ndani ya pakiti inayofuata, hivyo ikipotea moja pengo huzibwa. Zikipotea kadhaa mfululizo, haiwezi. Usiibane mno kodeki, kwani pakiti za milisekunde 20 ni 50 kwa sekunde, na vichwa vyake vya anwani, baiti 40 kwa kila pakiti, pekee ni kilobiti 16 kwa sekunde. Weka Opus kilobiti 24, jumla iwe 40 badala ya 80 za sasa.

Mwenyeji wa Langoni:
Nimejaribu, lakini simu ya mezani ya Faza haiijui Opus kabisa.

Fundi wa Mkomani:
Basi tanguliza Opus, uiache G.711 iwe ya pili. Hata WebRTC, mfumo wa simu za ndani ya kivinjari, kwa RFC 7874 ya mwaka 2016, inazilazimisha zote mbili. Ila simu hiyo ya mezani ikibaki, Faza haitapata nafuu yoyote. Wawekee programu ya kupigia kwenye simu ya mkononi.

Mwenyeji wa Langoni:
Ahsante, maalim. Wataiweka kesho, na saa za boti nimeagiza ziandikwe kwa ujumbe pia.