Klabu ya ski inaanza mazoezi mwezi wa tano na theluji ni ya mwezi wa kumi na mbili, kwani hapo katikati wanafanya nini?

mbio_polepole_SouthB

Wadau habari zenu. Mnivumilie, najua hii swali ni ya ajabu kwa mtu wa Nairobi. Dadangu mkubwa anaishi Minneapolis, na hii miaka mitatu amejiunga na klabu ya ski ya mtaani kwao. Si ile ya kushuka mlima kwa kasi venye mnaona kwa TV, ni ile ya kroskantri, ya kujisukuma na fimbo mbili, panda shuka panda shuka, kilomita na kilomita. Klabu ni ya watu wa kawaida tu, kuna walimu, kuna wazee wamestaafu, kuna mama wa watoto watatu anakuja mazoezi akitoka kazi ya usiku.

Sasa ameniambia nikimtembelea tuingie pamoja American Birkebeiner, ile mbio ya ski ya Wisconsin ya kutoka Cable mpaka Hayward, mwisho wa mwezi wa pili, kilomita 50. Mimi nakimbia, nusu marathoni yangu ni saa moja na dakika 38, nikamwambia hakuna shida, si izo ski zinateleza zenyewe. Akacheka sana alafu akanitumia kalenda ya klabu.

Hapo ndio nilichanganyikiwa. Mazoezi yanaanza mwezi wa tano. Mwezi wa tano! Mashindano karibu yote yamefinyiliwa kati ya mwezi wa kwanza na mwanzo wa wa tatu. Mwezi wa nne wameandika tu "pumzika". Yaani miezi saba ya kutoa jasho bila theluji ndio ushindane wiki nane hivi? Kuna mtu hapa amewahi kuwa kwa klabu kama hizo anieleze wanafanya nini huo wakati wote, na kama mimi nikiwa hapa Nairobi naweza fanya hata nusu yake, ama nijipange tu nikae kando ya barabara nimpigie dadangu makofi.

---

Kanyagio

Nimesoma haraka nikadhani ni kroskantri ile yetu ya Ngong Racecourse nikaanza kukuandikia mambo ya spaiki na matope. Nimefuta. Endeleeni, niko hapa nyuma na njugu.

---

NilirudiNyumbani

Mimi nimekaa St. Paul miaka sita, ng'ambo tu ya mto kutoka kwa dadako, na nilikuwa kwa klabu ya aina hio misimu minne kwa hivyo nitakuambia venye niliona, sio venye nilisoma.

Kwanza hio wazo ya "ski zinateleza zenyewe" nilikuwa nayo pia. Nilienda mbio yangu ya kwanza nikiwa mkimbiaji mzuri kabisa, kilomita 15 tu, nikasema hii ni kiamsha kinywa. Kilomita ya nne mikono ilikuwa imekufa. Sio kuchoka, kufa, siwezi hata kuinua mkono nikamate pua. Mama mmoja wa miaka sitini na kitu akanipita kwa kilima akiongea na mwenzake stori za mjukuu, wala hakuwa anahema. Hapo ndio nilielewa kalenda.

Angalia. Mkimbiaji anatumia miguu, mwili wa juu unabebwa tu kama abiria. Kwa ski mikono, mgongo na tumbo zinafanya kazi ya dereva. Kuna kitu inaitwa kusukuma mbili, fimbo zote mbili kwa pamoja, unainama na tumbo yote alafu unasukuma nyuma. Kule Sweden kuna mbio inaitwa Vasaloppet, kilomita 90, imekuwa ikikimbiwa tangu 1922, na siku hizi wale wa mbele wengi wanasukuma mbili kutoka Sälen mpaka Mora bila kupiga teke hata moja, yaani bila kujisukuma na mguu. Sasa mwili wa kufanya hivyo haujengwi kwa wiki tatu za mwezi wa kumi na mbili, ndio maana wanaanza mwezi wa tano.

Mwezi wa tano na wa sita kwa klabu yetu ilikuwa mwendo wa pole, masaa mengi, kukimbia, baiskeli, wengine wanapiga makasia kwa ziwa. Hapo pia ndio watu wanatoa rola, ziko kama ski fupi ziko na gurudumu moja mbele na moja nyuma, unavaa viatu vyako vya ski vilevile na fimbo zilezile ila ncha ni ya chuma ngumu ya kushika lami. Mwezi wa saba na wa nane rola zinakuwa mara mbili tatu kwa wiki, alafu kuna siku ya vilima. Hio siku nilikuwa naichukia kama deni. Unachukua fimbo zako unapanda kilima ukirukaruka kama unapiga ski lakini kwa miguu, dakika nne juu, unashuka ukitembea, unarudia tano sita. Inafanana kabisa na ski, na hakuna haja ya theluji.

Mwezi wa tisa na wa kumi kasi inaongezeka. Alafu mwezi wa kumi na moja ndio mwezi wa wazimu, kila mtu anaangalia hali ya hewa kwa simu kama anangoja mshahara. Pale Theodore Wirth Park wanatengeneza theluji kwa mashine, wanafungua kaduara kadogo, na mji mzima unazunguka hapo usiku chini ya taa kama nondo. Hapo Wirth ndio World Cup ya ski ilikuja Februari 2024, na hio mwaka yenyewe theluji ilikuwa ngumu kupatikana. Na nikikumbuka hilo, mwambie dadako asikate tiketi kama haibadilishwi, juu hio Birkebeiner yenu 2017 ilifutwa kabisa kwa kukosa theluji, na 2024 walizungushwa kwa kaduara ka kilomita 10 ka theluji ya mashine.

Kwa mashindano usifikirie ni kila Jumamosi unajiua. Mwezi wa kwanza unaingia mbio ndogondogo za mitaani ndio mwili ukumbuke, alafu ile kubwa ni moja ama mbili tu. Baada ya hapo mwezi wa tatu watu wanateleza wakicheka, hakuna saa, hakuna kochi anapiga kelele. Hio nilipenda kuliko yote, kwa kweli.

---

rola_jioni

Nimeingia juu nimeona neno rola 😄

Mimi ni wa skeiti za kawaida, nimetoka enzi za Jumapili pale Sunken Car Park. Miaka miwili iliyopita niliagiza rola-ski kutoka nje kwa udadisi tu (kampuni iliyoleta mzigo iliziweka wiki saba na ikanirudishia fimbo moja imepinda, wacha niishie hapo nisipandishe presha). Kwa hivyo ndio, inawezekana Nairobi lakini sikiza.

Rola-ski hazina breki. Nirudie, HAZINA BREKI. Zingine unaongezewa kifaa lakini zile za kawaida unapunguza mwendo kwa kufungua miguu kama mkasi, ama unaingia kwa nyasi na maombi. Kabro, yale matofali ya barabarani, ni adui, itakutikisa mpaka meno, na ncha ya fimbo inaingia kwa nafasi kati ya kabro mbili inabaki huko na wewe unaendelea. Matuta ya estate pia. Unataka lami laini, tambarare ama kilima kidogo cha kupanda peke yake, na hakuna matatu. Jumapili asubuhi mapema Upper Hill ofisi zimefungwa barabara ni tupu, huko ndio mimi huenda. Usijaribu bypass, nimeona watu wa baiskeli wakiponea hapo na wao wako na breki.

Na ujue ziko aina mbili. Za klasiki, ile ya kupiga teke nyuma mbele ukifuata mstari, gurudumu moja imefungwa isirudi nyuma ndio upate kitu cha kukanyagia. Za skeiti zinazunguka tu, unasukuma pembeni kama mtu wa skeiti za barafu. Muulize dadako anashindana stail gani kabla hujanunua chochote, hata fimbo zinatofautiana, za klasiki zinafika kwa bega hivi, za skeiti zinafika kwa kidevu ama mdomo.

---

mbio_polepole_SouthB

Asanteni sana jamani, sikutarajia. Nimemuuliza, anasema skeiti. Na amesema nikitaja mambo ya teke tena nitachekwa na klabu nzima.

@NilirudiNyumbani hapo kwa vilima umenipa moyo, juu hio naweza fanya Karura ama Ngong Hills na fimbo. Swali, kukaa kwetu hapa juu karibu mita 1,700 si kutanisaidia hata kidogo?

---

NilirudiNyumbani

Itasaidia pumzi wiki ya kwanza, ndio. Haitakusaidia mikono wala kusimama kwa mguu mmoja. Nakuambia hio ya mguu mmoja ndio ngumu kwetu wakimbiaji, mkimbiaji hakai kwa mguu mmoja hata nusu sekunde, na skeiti ni kukaa kwa mguu mmoja ukiteleza, unahama, unakaa kwa mwingine. Anza leo ukipiga mswaki. Siongei mchezo, piga mswaki ukisimama mguu mmoja, macho wazi kwanza alafu ufunge. Kwa Karura nenda asubuhi njia ikiwa wazi, fimbo zinatisha watu wenye mbwa.

---

Mzee_wa_Iten_Road

Vijana mnaongea ski mtu Mkenya na hakuna amemtaja Philip Boit? Aibu.

Boit alikuwa mkimbiaji wa mita 800, damu ya kina Mike Boit aliyeleta shaba ya 800 kutoka Munich 1972. 1996 kampuni ya Nike ikampeleka yeye na Henry Bitok Finland wajifunze ski kutoka sufuri. Miaka miwili tu. 1998 akaingia Olimpiki ya Nagano, kilomita 10 klasiki, akawa wa mwisho, kama dakika 20 nyuma ya Bjørn Dæhlie wa Norway aliyeshinda. Dæhlie akakataa kuondoka, akamngoja pale mwisho akamkumbatia, na sherehe ya medali ikabidi isubiri. Boit alirudi nyumbani akampa mtoto wake jina Dæhlie. Na hakuishia hapo, alirudi Salt Lake City 2002 na Turin 2006.

Sasa kijana wangu mbio_polepole, fikiria hio hesabu. Mtu wa 800 wa kiwango chake, na miaka miwili ya mafunzo Finland, akaachwa dakika 20 kwa kilomita KUMI. Wewe unataka 50 na miezi ya Upper Hill Jumapili. Sikukatazi. Lakini hio mbio iko na ndugu yake mdogo, Kortelopet, kilomita 29, wikendi hiohio, vilima vilevile. Ingia hio.

---

Kanyagio

Mzee amemaliza. Mimi bado nimekwama kwa mguu mmoja na mswaki, mke wangu ameniuliza kama niko sawa.

---

NilirudiNyumbani

Mzee heshima kwako lakini nitakupinga kidogo. Boit alikuwa anashindana na watu bora duniani, hapa ni mbio ya watu elfu na elfu na wa mwisho wanafika jioni wakila biskuti njiani. Kilomita 50 inawezekana kwa mtu wa nusu marathoni, atateseka tu. Shida ni nyingine kabisa, atakanyaga theluji siku ngapi kabla ya mbio? Kama anafika Minneapolis mwezi wa kwanza na apate wiki tano hivi, sawa hata 50. Kama anafika wiki ya mbio, hata hio 29 ni adhabu, juu kushuka kilima kwa theluji ngumu haufundishwi na lami yoyote, na mimi nimeanguka mbele ya watoto wa chekechea.

Na mambo ya nta, ile ya kupaka chini ya ski, usiguse. Achia klabu. Nta inachaguliwa kwa joto la theluji la siku hio, na zile zenye kemikali ya florini, FIS, shirikisho la ski duniani, imepiga marufuku tangu msimu wa 2023/24, kwa hivyo usidanganywe ununue za zamani kwa bei poa mtandaoni. Skeiti ni nta ya kuteleza tu, bahati yako, watu wa klasiki wako na ile ya kushika chini ya mguu na ukikosea unarudi nyuma kwa kilima kama matatu imezima.

---

mbio_polepole_SouthB

Nafika tarehe 6 mwezi wa pili 😬 nimepata ruhusa kazini ya wiki tatu na nusu tu.

---

Mzee_wa_Iten_Road

Kortelopet.

---

NilirudiNyumbani

Sawa, hapo mzee ameshinda. Kortelopet. Na mwambie dadako akutafutie ski za kukodi za uzito wako mapema, sio urefu wako, UZITO. Ski ngumu kukuliko haitaki kukubeba vizuri, laini sana inakokota. Mimi mwaka wa kwanza nilipewa za jamaa wa kilo 95.

---

mbio_polepole_SouthB

Nimeongea naye saa hii, amekubali, na yeye mwenyewe anaingia 50 kwa hivyo ataninunulia supu Hayward nikimngoja. @rola_jioni uko na jozi ya pili ya izo rola ama nije kuangalia tu? Viatu nimevaa 43.

---

rola_jioni

Jozi ni moja, viatu vyangu ni 42, tutabadilishana, vaa soksi nyembamba. Jumapili saa kumi na mbili na nusu, karibu na hospitali ya KNH pale juu Upper Hill. Helmeti, glavu, suruali ndefu. Ukichelewa magari ya kanisani yanaanza kupita.

---

Kanyagio

Nakuja kuchukua vidio.