Mwanangu anasaga tembe za daktari na kuzinusa. Nimwachishe dawa?

Mama_Umoja2
Wapendwa, naombeni ushauri. Mwanangu ana miaka 16. Daktari aligundua ana shida ya kutotulia na kutozingatia masomo, akamwandikia methilfenideti. Imemsaidia sana, hata mwalimu wake wa darasa alinipigia simu kunipongeza. Juzi nikifua sare nimekuta karatasi yenye unga mweupe mfukoni. Nilipombana akakiri kwamba wenzake walimfundisha kusaga na kunusa. Kaka yangu anasema dawa yenyewe ni ndugu yake kokeni, niitupe yote. Sipati usingizi.

Mfamasia_wa_mtaa
Pole mama. Kaka yako ana hoja: zote mbili huzuia dopamini, kemikali ya ubongo inayoleta hisia ya raha, isirudi kwenye seli za ubongo zilizoitoa. Ila kinachomnasa mtu zaidi ni kasi. Tembe ikimezwa hupitia tumboni na kwenye ini, huchukua kama saa nzima kufika kilele ubongoni. Ikinuswa hupanda ghafla, na ubongo hukariri ile stimu, ukaitaka tena. Usiitupe kabla ya kumwona daktari. Muulize kuhusu ile inayoachilia dawa polepole, inayomezwa mara moja asubuhi. Ataimeza mbele yako, hatabeba kitu shuleni. Na hiyo isisagwe kamwe! Ikisagwa, dawa ya siku nzima huingia kwa mpigo.

Nilitoka_Eastleigh
Nimetafuna miraa miaka mingi, iliniharibia ndoa, kwa hiyo siisifii. Lakini kuhusu kasi ni kweli: handasi yake, yaani stimu, huja taratibu. Taya huchoka, na miraa ikikauka nguvu hupungua, ndiyo maana hufungwa kwa majani ya mgomba. Siku nilipoonjeshwa unga wa kunusa, wiki chache tu nikawa sina kazi. Hata kule milima ya Andes, Amerika Kusini, watu hutafuna majani ya koka, yanayotoa kokeni, tangu zama za mababu. Majani hayohayo yakigeuzwa kreki, kokeni ya kuvuta, moshi hufika ubongoni kwa sekunde. Dada, msikilize kijana. Usimpige.

Shangazi_K
Je, alinusa yeye au aliwagawia wenzake? Hesabu tembe zilizobaki, uzifungie. Na 1192 ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na dawa za kulevya, ni simu ya bure, piga.

Mama_Umoja2
Asanteni mno. Anasema amenusa mara mbili, moyo ukamwenda mbio akaogopa. Nimehesabu, zimepungua tano. Jumatatu tunarudi kwa daktari, na ufunguo wa kabati nimeuvaa shingoni.