Wosia usiotaja vitabu: unatosha kumnyang'anya Shakespeare tamthilia zake?

Wakuu, habari za saa hizi.

Akitajwa Shakespeare, hachelewi kutokea mtu wa kuuliza: "Mbona hakuacha vitabu?" Swali lina msingi. Wosia wake wa Machi 1616 upo mpaka leo kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza. Humo anagawa nyumba, ardhi na fedha. Dada yake anaachiwa nguo, bintiye Judith bakuli la fedha, mkewe kitanda, tena kile cha pili kwa ubora. Hata upanga una mrithi. Kitabu hakitajwi, wala mswada.

Kuna wanaoshikilia kwamba wosia huo unatoboa siri: mtoto wa mshona glavu wa Stratford, asiyekanyaga chuo kikuu, hakuandika Macbeth wala Julius Caesar. Tangu J. Thomas Looney atoe kitabu chake mwaka 1920, mgombea wao mkubwa ni kabaila Edward de Vere wa Oxford.

Mimi napinga. Tena napinga kwa nguvu, kwa sababu ukiifuatilia hoja hii mpaka mwisho inasema maskini hawezi kusoma akaelewa.

Tuanze na wosia wenyewe. Zama zile vitu vya ndani viliorodheshwa kwenye hati ya pembeni. Orodha ya Shakespeare iliwasilishwa wosia ulipothibitishwa, kisha ikapotea. Wosia unasema vyombo vyote vilivyobaki viende kwa binti yake Susanna na mumewe, John Hall, ambaye alikuwa tabibu. Hall naye alipofariki mwaka 1635 aliacha vitabu. Sidai kwamba vilikuwa vya baba mkwe wake. Ninachosema ni kwamba hati iliyopotea haiwezi kuwa shahidi wa upande wowote.

Vitabu vya Shakespeare tuvitafute ndani ya tamthilia, na humo vimejaa tele. Sisi tuliosoma Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya Julius Caesar, iliyotoka kwanza 1963 na kusahihishwa 1969, tunakumbuka Antony akiwasomea Warumi wosia wa Kaizari: kila raia drakma 75, na bustani zake ziwe za watu wote. Kiasi hicho kinatoka kwa Plutarch, Mgiriki aliyeandika maisha ya wakuu wa Ugiriki na Roma. Plutarch anasema bustani zile zilikuwa ng'ambo ya mto Tiber. Jacques Amyot alipomfasiri kwa Kifaransa mwaka 1559 alikosea, akaziweka upande wa huku. Thomas North akafasiri kutoka Kifaransa cha Amyot kwenda Kiingereza mwaka 1579, akalibeba kosa lilelile. Kwenye tamthilia, Antony wa Shakespeare anasema nini? Upande huu wa Tiber! Kosa hilo linatuonyesha njia ambayo habari ilipita mpaka kumfikia. Huyu hakuwa amekaa na Plutarch wa Kigiriki mkononi.

Na hiyo tafsiri ya North aliipata wapi mtu asiye na mali? Hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Aliyeichapa mwaka 1579 ni Thomas Vautrollier, mwenye karakana ya uchapaji London. Siku hizohizo kijana wa Stratford aitwaye Richard Field alikwenda London kujifunza uchapaji, akafanya kazi kwa Vautrollier, na bwana wake alipofariki akairithi karakana. Baba yake Field alikuwa mtengeneza ngozi. Baba yake Shakespeare alishona glavu za ngozi. Wazee hao walifahamiana, na mzee Field alipofariki mwaka 1592, mzee Shakespeare alikuwa miongoni mwa waliothaminisha mali yake. Mwaka uliofuata, utenzi wa kwanza wa Shakespeare kuchapwa, Venus and Adonis, ulitoka kwa nani? Kwa Richard Field. Mwaka 1595 Field huyohuyo akamchapa upya Plutarch wa North. Siwezi kuapa kwamba Shakespeare alisomea vitabu vyake mle karakanani. Lakini anayesema mtu wa Stratford hakuwa na pa kuviona vitabu anieleze habari ya Field.

Haya, karibuni tujadili.

Nyongeza, baada ya kusoma michango

Nashukuru kwa michango. Najibu ile mizito.

Ndugu mmoja amesema de Vere alikuwa na Plutarch wa Kifaransa, na hati ya malipo ya mwaka 1570 ipo. Ni kweli mkuu, ipo, na ni hoja nzuri kuliko ile ya wosia, maana kosa la Tiber lingeweza kumfikia kupitia Amyot moja kwa moja. Ila fungua Antony and Cleopatra pale anaposimuliwa Cleopatra akiwa ndani ya chombo chake mtoni: tezi (sehemu ya nyuma ya chombo) ya dhahabu, matanga ya zambarau, makasia ya fedha yakifuata mlio wa filimbi. Hayo yote yamo kwa North, na maneno ya Kiingereza ni yaleyale, yamepangwa tu yakae kwenye mizani ya ushairi. Mwandishi wa mistari ile alikuwa na North mbele yake.

Dada mwingine ameuliza: kama alinakili hivyo, ukubwa wake uko wapi? Itazame Macbeth. Msingi wake ni kitabu cha historia cha Mwingereza Holinshed, toleo la 1587. Kwa Holinshed, Banquo anashiriki njama ya kumuua mfalme Duncan, na Macbeth anatawala miaka 17, mingi ya mwanzo kwa haki. Shakespeare akamsafisha Banquo, kwani mfalme James aliyekuwa kwenye kiti aliaminiwa kuwa wa ukoo wake. Mauaji ya mgeni usiku chumbani akayachukua kutoka kisa kingine cha kitabu hichohicho, kile cha Donwald na mfalme Duff. Ile miaka ya haki akaifuta, Macbeth akabaki bila siku moja ya utulivu tangu anapomwaga damu. Huko ndiko kusoma kwa mtunzi, anayejua cha kuchukua na cha kuacha.

Wa tatu amesema elimu ya shule tu haitoshi. Ben Jonson, mtunzi mkubwa wa enzi hiyo, hakupita chuo kikuu, na baba yake wa kambo alikuwa mwashi. Hapa kwetu Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali, asiye na shahada ya kusomea, na sijasikia mtu akisema mashairi yake yaliandikwa na gavana.

Nakubali kwamba karatasi za mkono wake ni chache mno. Saini zinazokubalika ni sita tu, zote za miaka ya 1612 hadi 1616. Zaidi ya hapo kuna kurasa tatu za tamthilia ya Sir Thomas More kwenye Maktaba ya Uingereza, ambazo wataalamu wengi wanaona ni mwandiko wake. Pengo hilo linauma, kwangu pia.

Sasa wanaomtetea de Vere nao wajibu. Alifariki Juni 1604. Ukumbi wa maigizo wa Globe, London, uliteketea tarehe 29 Juni 1613 ukiigiza Henry VIII, na Henry Wotton, mwanadiplomasia wa enzi hiyo, akiandika siku chache baadaye, aliiita tamthilia mpya. Ni tamthilia ambayo Shakespeare aliiandika na John Fletcher, kijana aliyeanza kuandikia jukwaa baada ya de Vere kuzikwa. Walikaa lini wakaandika pamoja?