Mrejesho: Nilichoka kufundisha wanangu nyumbani

Wapendwa, ni yule mama wa Nakuru niliyeuliza nifanyeje, maana kufundisha wanangu wawili nyumbani kulinifikisha mahali nalia nikiosha vyombo. Mmoja wenu aliniambia nifunge vitabu wiki mbili. Niliona ni mzaha, ila nikafunga.

Siku ya tatu tulipanda Hyrax Hill, kile kilima cha mabaki ya kale hapa Nakuru, pale mwanaakiolojia Mary Leakey alipochimba mwaka 1937. Kuna bao limechongwa mwambani. Mwanangu mdogo, wa gredi ya pili, ambaye hesabu kwake ni vita, alichuchumaa akahesabu vishimo kwa sauti, akakosea, akarudia. Mimi nilikuwa natafuna mahindi choma tu.

Sasa tunasoma saa tatu hadi saa sita, basi. Ijumaa ni zamu ya baba yao (analalamika, na alalamike). Sebule bado ni fujo. Juzi nililala saa tatu usiku.