argsort, argsort mara mbili, au rankdata: ipi ya kutafutia nafasi?

Kokoto
Wakuu, nina arei (safu ya namba) ya vipimo kwenye NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, tuseme x = [40, 10, 30, 20]. Nataka kujua kila kipimo kimeshika nafasi ya ngapi, bila kuipangua arei yenyewe. argsort inanipa [1, 3, 2, 0]. Wengine huiita mara mbili, wengine hutumia rankdata ya SciPy, maktaba nyingine ya Python. Ipi inafaa kwa mamilioni ya namba?

Tumbili
Mkuu, hiyo [1, 3, 2, 0] bado si nafasi. Inasema namba ndogo kuliko zote iko kwenye indeksi 1, inayofuata iko kwenye 3, na kuendelea. Nafasi zenyewe, ukihesabu kuanzia 0, ni [3, 0, 2, 1]. x.argsort().argsort() itakupa jibu hilo, ila inapanga mara mbili bure. Fanya hivi:

p = x.argsort()
r = np.empty_like(p)
r[p] = np.arange(len(p))

Unapanga mara moja tu, halafu unageuza.

Mizani
Sawa, mradi hakuna namba zinazolingana. Kwenye [5, 2, 5] njia hiyo itaipa 5 moja nafasi ya juu kuliko nyingine, na hakuna sababu yoyote ya kuzitofautisha. rankdata huzipa zote mbili 2.5 (huhesabu kuanzia 1); ukiweka method='min' zote zinapata 2. Kwa kazi za takwimu, kama uwiano wa Spearman (hulinganisha data mbili kwa nafasi zake), mimi siachi rankdata.

Kokoto
Zangu zinalingana nyingi sana. Nikitaka kubwa itangulie naweka -x? Data ni uint8 (namba nzima 0 hadi 255).

Tumbili
Hapana! uint8 haina hasi. 1 itageuka 255 na 0 itabaki 0, kwa hiyo sifuri itatangulia kana kwamba ndiyo kubwa. Badilisha kwanza iwe int16, ambayo ina hasi, inatosha. Na siku ukitumia argsort kwa namba zinazolingana, weka kind='stable'; bila hivyo haiahidi kulinda mpangilio wa awali.

Shina
Unahitaji nafasi zote kweli? Kama ni kumi bora tu, np.argpartition(x, -10)[-10:] inaleta indeksi zake bila kupanga arei nzima. Hazitakuja kwa mpangilio, hizo kumi utazipanga mwenyewe. Kwa data ya desimali ondoa NaN (alama za thamani isiyo namba) kwanza, maana NumPy huziweka mwisho na zitaingia kwenye kumi bora.

Kokoto
Zote, mkuu. Naenda na rankdata(-x.astype(np.int16), method='min').