Dagaa au vidonge vya kalsiamu baada ya hedhi kukoma?

Binti Ujiji
Hamjambo wapendwa. Mwanamke wa miaka 53, hedhi imekoma miaka 2 iliyopita. Hapa Kigoma dagaa hawakosekani. Je, wanatosha kwa mifupa, au lazima anunue vidonge? Na vichwa vikitolewa?

Bi Lishe
Dada, dagaa ni chakula kizuri mno kwa hili, mradi waliwe na miiba. Kalsiamu iko kwenye mfupa, si kwenye mnofu. Ndiyo maana mgebuka, samaki wa ziwani mkubwa kuliko dagaa, hausaidii sana, miiba yake tunaitupa. Kama shida ni uchungu, toa utumbo, kichwa kiache. Meno yakiwa mabovu, wakaushe kikaangoni bila mafuta, watwange, utie vijiko 2 vya unga huo kwenye mboga.

Waliotiwa chumvi waloweke dakika 20, mwaga maji, suuza. Chumvi ikizidi, figo hutoa kalsiamu nyingi kwenye mkojo.

Lengo lake ni miligramu 1,200 kwa siku. Glasi ya maziwa, hata mgando, ina kama 300. Mchicha usiuhesabu: oksaleti, kemikali iliyomo ndani yake, huishika kalsiamu, mwili usiipate. Chainizi na sukuma wiki ni bora.

Mfamasia, Tabora
Vidonge ni vya kuziba pengo tu. Someni kibandiko: kidonge cha kalsiamu kabonati cha miligramu 1,250 kina kalsiamu halisi 500, na mwili haufyonzi vizuri zaidi ya hapo kwa mara moja. Anywe pamoja na chakula, maana kabonati inahitaji asidi ya tumbo.

Binti Ujiji
Asante sana. Anatumia omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, kila siku.

Mfamasia, Tabora
Basi kabonati haitafyonzwa vizuri. Aulizie kalsiamu sitreti, isiyotegemea asidi hiyo, na daktari aangalie kama omeprazoli bado inahitajika. Kama amewahi kunywa prednisoloni (dawa ya steroidi) kwa miezi 3 au zaidi, amwambie daktari mapema. Dawa hiyo hula mifupa.

Mazoezi Tiba
Msisahau mazoezi ya kubeba uzito! Estrojeni, homoni ya kike, ikishuka, mfupa hubomolewa haraka kuliko unavyojengwa, na kinachouchochea ujijenge ni kubeba mzigo. Kuogelea ziwani kunafaa moyo, ila maji yanaubeba mwili. Atembee kwa kasi dakika 30. Ainuke kwenye stuli bila kujishika mara 10, apumzike, arudie. Kisha ashike ukuta, anyanyue visigino mara 10. Lakini mgongo ukianza kuuma ghafla au kimo kikipungua, aache kuinama na kubeba ndoo hadi apigwe picha ya uti wa mgongo.